Picha ya kutisha ikirudiwa, hofu huenda wapi?

SWALI: Shikamoo mama. Nimetazama The Ring ya Marekani ya 2002, kisha rafiki yangu akanipa ile iliyorudiwa, Ringu ya Japani ya 1998. Hadithi ni ileile: ukitazama mkanda fulani wa video, baada ya siku saba unakufa. Ya Marekani ilinishtua mara nyingi, nikalala vizuri. Ya Japani, isiyo na damu wala makelele, ilininyima usingizi. Kwa nini? Na kwa nini wasiache kurudia picha za watu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Mimi ni mhariri wa sauti za filamu, kwa hiyo nitaanzia masikioni. Kumshtua mtu ni kazi nyepesi: unashusha sauti mpaka asikie pumzi zake, kisha unapiga kishindo. Lakini akishashtuka, yamekwisha. Moyo unatulia, anacheka na aliyekaa naye. Hofu inayokufuata kitandani ni ile ambayo filamu imekataa kuimaliza.

Mwangalie Sadako, mzimu wa Ringu, anapotoka kisimani. Mwigizaji alitembea kinyumenyume, muongozaji Hideo Nakata akaigeuza picha iende mbele. Ndiyo maana anakuja kama mtu lakini viungo havimtii. Uso umezibwa na nywele. Tunapewa jicho moja tu. Wamarekani wakatuonyesha uso mzima wa Samara, mzimu wa filamu yao, umeoza, na uso ukishauona vizuri unauzoea.

Hata hivyo, kwamba waache kurudia, hapo sikubali. Gore Verbinski, aliyeongoza hiyo ya 2002, alileta kitu ambacho Nakata hakuwa nacho: yule farasi kwenye kivuko, mchana kweupe, anayepagawa mwigizaji mkuu, Naomi Watts, anapomkaribia, hadi akajitosa majini. Mnyama kajua jambo ambalo sisi hatujalijua. Hakuna giza, hakuna mzimu, na bado mwili unasisimka!

Kinachoua ni kunakili. Mwaka 1998 Gus Van Sant aliirudia Psycho ya Alfred Hitchcock ya 1960 karibu tukio kwa tukio, safari hii kwa rangi, na zile fidla za mtunzi wa muziki Bernard Herrmann zikapigwa tena vilevile. Hofu haikuja. Hitchcock alimuua mwanamke tuliyedhani ndiye mhusika mkuu kabla filamu haijafika nusu, na watazamaji wa 1960 hawakulitegemea. Utalirudiaje hilo kwa watu wanaojua kisu kinaingia saa ngapi?

Sasa tafuta The Thing ya John Carpenter, ya 1982. Filamu iliyoitangulia, ya 1951, ilikuwa na jitu linaloisumbua kambi barafuni, basi. Carpenter alirejea kwenye hadithi yenyewe ya mwandishi John W. Campbell, ya 1938, ambamo kiumbe hujigeuza kuwa mtu yeyote. Wanaume wamekwama Antaktika, wenzao wamefungwa kamba, na damu ya kila mmoja inaguswa kwa waya wa moto ionekane nani si binadamu. Najua, minyama na matumbo yanaonyeshwa wazi humo, nami nimesifu kuficha. Ila kilichofichwa ni kikubwa zaidi: nani kati yao? Mpaka mwisho wanabaki wawili wakitazamana, na hatuambiwi.

Uitazame kwenye runinga yenye spika nzuri. Mdundo wa mtunzi wa muziki Ennio Morricone ni wa besi nzito sana, na kwenye spika ndogo ya simu utausikia kwa shida.