"Si lazima" siyo "must not"

Mwaka wangu wa kwanza mapokezi, katika hoteli ndogo ya Mji Mkongwe, Zanzibar, mama mmoja mgeni aliniuliza jioni kama ni lazima yeye na mumewe wapande juu saa moja kamili asubuhi kupata chai. Nilitaka kumtoa wasiwasi, maana chai huwepo mpaka saa nne. Nikamjibu: "No, you must not come at seven." Akanyamaza, akaenda zake. Kesho yake walijifungia chumbani hadi karibu saa tatu, ndipo wakaja kuniuliza kama sasa wanaruhusiwa kula.

Iliniuma sana. Nilikusudia kuwapa hiari, kumbe nimewakataza.

Kosa hili linatunasa kwa sababu ya Kiswahili chetu. Ukikanusha "lazima" unapata "si lazima", yaani ukitaka njoo, usipotaka basi. Kiingereza ukikanusha "must" unapata katazo: usije. Hiari imo kwenye mbadala wake, "have to": "You don't have to come at seven." Ndiyo maana vijana wanaoanza kazi nawaomba wajiulize kwanza kwa Kiswahili: nataka kusema "si lazima uje" au "usije"? Ukishalijua hilo, Kiingereza chake hakikupotezi tena.

Na Kiswahili hicho hicho kinaweza kukusaidia. Tazama "lazima": halibadiliki. Hakuna anayesema "nalazima" wala "alazima". "Must" nayo iko hivyo, ni "I must" na "she must", bila "s". Sasa tazama "inabidi": inanibidi, inambidi, inatubidi. Hiyo inafuata mtu, na "have to" pia inafuata mtu: "I have to", "she has to". Swali lake huanza na "do" au "does": "Does she have to pay today?" Nilipoziona jozi hizi mbili, sikuhitaji tena kukariri jedwali.

Kwa mgeni, mimi napendelea "have to" kuliko "must". "You must show your passport" inasikika kama amri yangu mwenyewe. "You have to show your passport" inaonyesha kwamba ni utaratibu uliowekwa.

Kuna "ku" yetu pia. Tunasema "naweza kwenda", basi ulimi unavuta "I can to go". Iache hiyo "to". "Can", "may" na "must" hukaa bila "to". Kwenye mbadala ndiko inakohitajika: "able to", "allowed to", "have to". Kuhusu "able to" usijichoshe sana, kwa wakati uliopo watu husema "can" tu. "Allowed to" ndiyo ya kuizoea, kwa sababu wageni huiuliza kila siku: "Are we allowed to take photos here?"

Mazoezi yangu yalikuwa masharti ya hoteli. Zamu ya usiku, mapokezi yakitulia, nilichukua sharti moja na kulisema kwa sauti, nikibadilisha mtu, kisha swali, kisha kanusho: "I have to wear a badge. He has to wear a badge. Does he have to wear a badge? He doesn't have to wear a badge." Halafu la katazo: "Guests must not smoke in the rooms." Masharti matatu kwa usiku yanatosha, lakini yatamke. Niliyoyaandika daftarini tu yalinikimbia mgeni aliposimama mbele yangu.

Utakutana pia na "She must be tired", yaani "atakuwa amechoka". Hiyo ni ya kukisia, haina ulazima ndani yake. Ukiisikia ielewe tu. Kuitumia kutangoja hadi "don't have to" ikutoke mdomoni bila kufikiri.