Maswali ya Wasomaji: Sayansi Ndani ya Basi

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu wa kidato cha pili atahudhuria kambi ya sayansi wakati wa likizo, na siku moja watapelekwa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Tumeelezwa kwamba wanafunzi hawataruhusiwa kushuka garini ovyo wala kuwapa wanyama chakula. Je, atajifunza sayansi gani akiwa amekaa kwenye kiti cha basi?
Mama mzazi, Morogoro

JIBU: Mama, masharti hayo si ukali wa walimu. Wanyama wa Mikumi wamezoea magari, na wengi wao huliona gari na waliomo kuwa kitu kimoja kisichowadhuru. Lakini mtu akishuka, tembo aliyekuwa akila kwa utulivu anaweza kukimbia au kushambulia. Zaidi ya hatari yenyewe, mwanafunzi aliyetaka kujua tembo anakula nini ataondoka na habari za tembo aliyeogopa. Kuhusu chakula, hifadhi hiyo inapitiwa na barabara kuu ya kwenda Iringa, na nyani wanaotupiwa mabaki kutoka kwenye mabasi huzoea kusubiri kando ya lami, mahali ambapo ni rahisi kugongwa.

Sayansi ipo, tena nyingi. Mwanao achague nyani mmoja na, kwa muda wa dakika 10, aandike kila dakika anachokifanya: anakula, anatembea, anapumzika au anachambuliwa manyoya na mwenzake. Njia ya kumfuatilia mnyama mmoja kwa muda uliopangwa ilifafanuliwa na Jeanne Altmann, mtafiti wa nyani wa Amboseli nchini Kenya, katika makala yake ya mwaka 1974, na watafiti wa tabia za wanyama wanaitumia hadi leo. Umuhimu wake ni kwamba jicho lisiloongozwa huvutwa na vituko. Nyani wawili wakipigana kwa sekunde chache, basi zima litawageukia, na jioni watoto wataandika kwamba nyani hushinda wakigombana, ilhali sehemu kubwa ya siku yao hupita katika kutafuta chakula na kupumzika. Daftari lililojazwa dakika kwa dakika hulizuia kosa hilo, nami ningefurahi sana kama kila mtoto wa kambi angerudi na ukurasa mmoja wa namna hiyo.

Mpatie daftari, penseli, saa na, ikiwezekana kuazima, darubini. Asivae nguo nyeusi wala za buluu, kwa sababu rangi hizo huwavutia mbung'o.