Vinkristini na ua la uani

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu ana limfoma ya Burkitt, saratani ya tezi za limfu, anadungwa dawa ya vinkristini. Nasikia dawa hiyo hutoka kwenye lile ua la waridi lenye petali tano, nami ninalo uani. Kwa nini nisimchemshie majani?

JIBU: Marahaba, mama. Ua ni lilelile, Catharanthus roseus, asili yake Madagaska. Lakini usimchemshie.

Seli inapogawanyika hujenga nyuzi za protini iitwayo tubulini, zinazovuta kromosomu nusu huku, nusu kule. Vinkristini hushika tubulini, nyuzi zisijengeke. Seli hukwama katikati na kufa. Paklitakseli, dawa nyingine ya saratani iliyopatikana kwenye gome la mti wa Marekani, huzigandisha nyuzi zisibomoke. Njia kinyume, mwisho uleule!

Tatizo ni kipimo. Gramu moja ya vinkristini huhitaji mamia ya kilo za majani makavu, ilhali dozi ya kawaida ni miligramu 1.4 kwa mita ya mraba ya mwili, na wengi hawavuki miligramu 2. Sufuria yako haina mizani hiyo, na majani yana alkaloidi (kemikali za mimea) nyingine nyingi zenye sumu.

Dawa hupita kwenye mshipa wa damu tu. Ikidungwa kwenye uti wa mgongo huua. Ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama, hivyo mtoto akilalamika mkono unawaka, mwite muuguzi papo hapo. Neva nazo hutumia nyuzi hizohizo, ndiyo maana vidole hufa ganzi na choo hukauka. Dawa za fangasi kama itrakonazoli huzidisha madhara hayo: mtajie daktari kila kidonge anachokunywa.