Unyumbufu usomwe na mwili wako mwenyewe

Katika tuisheni ya kidato cha kwanza na cha pili ninayofundisha, daftari la fizikia na la baiolojia la mwanafunzi yuleyule huwa kama majirani wasiosalimiana. Huku unyumbufu, kani na kikomo. Kule ateri, mapafu na kano. Ushauri wangu kwa mwanafunzi, na kwa mzazi anayemsimamia jioni, ni kuzisoma mada hizi meza moja.

Unyumbufu ni tabia ya kitu kurudia umbo na ukubwa wake wa awali baada ya kani, yaani nguvu iliyokivuta au kukikandamiza, kuondolewa. Shika hapo kwenye kurudi. Darasa zima hubisha nikisema kwamba katika fizikia chuma cha pua ni nyumbufu kuliko mpira wa manati, kwa kuwa mpira ndio unaovutika. Kuvutika sana si kipimo. Ili chuma kirefuke kidogo tu unahitaji kani kubwa mno, na ukikiachia kabla ya kikomo chake, kinarudi palepale.

Robert Hooke wa Uingereza alichapisha kanuni yake mwaka 1678: urefu unaoongezeka hulingana na kani inayovuta, mradi kikomo cha unyumbufu hakijapitwa. Alama nyingi hupotelea kwenye neno “unaoongezeka”. Springi ya sentimita 10 ikining'inizwa uzito wa nyutoni 2 ikafika sentimita 14, namba ya kufanyia hesabu ni 4, si 14. Kwa nyutoni 5 itaongezeka sentimita 10, yaani urefu wote utakuwa 20. Chora kwanza springi tupu, kisha yenye mzigo, ndipo ukokotoe. Ukipita kikomo, springi hubaki imenyooka na kanuni haifanyi kazi tena.

Sasa weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Unachokigusa pale ni ateri (mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni) ikitanuka na kurudi. Ukiwa umetulia, kila pigo la moyo husukuma takribani mililita 70 za damu kwenye aota, ateri kubwa kuliko zote. Aota hutanuka kuipokea. Moyo unapolegea, vali (kilango cha kati ya moyo na aota) hufunga, kuta za aota hurudi ndani na kuisogeza damu mbele. Kwa hiyo damu haisimami kati ya pigo na pigo. Umri ukienda, nyuzi nyumbufu za kuta hizo huchakaa na aota hukakamaa. Hiyo ni sababu mojawapo ya namba ya juu kupanda kwenye kipimo cha presha cha bibi au babu. Mwanafunzi akishaelewa hilo, mfumo wa mzunguko wa damu hauhitaji kukaririwa tena kama shairi.

Mapafu ni hivyo hivyo. Kuvuta hewa ni kazi ya kiwambo (msuli ulio chini ya mapafu) na misuli ya mbavu. Kuitoa, ukiwa umepumzika, hakuhitaji kazi ya misuli: mapafu yaliyotanuka hurudi yenyewe. Moshi wa sigara wa miaka mingi huweza kuharibu kuta za vifuko vya hewa, na mgonjwa wa namna hiyo huhangaika hasa kuitoa hewa aliyokwisha kuivuta.

Kano huunganisha msuli na mfupa. Ile ya kisigino nayo hutunza nishati unapokimbia na kuirudisha unapoinua mguu. Lakini usiseme msuli unajikunja kwa unyumbufu! Msuli hujikaza kwa kutumia nishati inayotokana na chakula. Ukiulizwa kuhusu mkono unaoinua ndoo, jibu linaanzia kwenye msuli.

Mzazi ambaye hakusoma sayansi anaweza kusimamia zoezi hili vizuri tu. Taja kiungo kimoja, tuseme kibofu cha mkojo, kisha uliza: nini kinakitanua, nini kinakirudisha, na je, kinarudi chenyewe au kuna msuli unaofanya kazi? Mwanafunzi akikwama kwenye swali la tatu, afungue madaftari yote mawili.