Nyimbo zilizotamba 1998: mimi nilikuwa narekodi kanda Mlango Mmoja, Mwanza

Mkuu, umeuliza ni nyimbo gani zilitamba 1998, na naona wengi wanajibu kwa kutaja disko za Dar. Ngoja niseme za Mwanza. Mwaka ule nilikuwa kijana wa kibanda cha kurekodi kanda pale Mlango Mmoja. Wimbo mkali hatukuujua kwa kusikiliza redio, tuliujua kwa kuhesabu kanda.

Namba moja, bila ubishi, ni Awilo Longomba na "Coupé Bibamba". Wavuvi wakitoka Ukerewe hawakuweza hata kutamka jina. Walisimama mbele ya kibanda, wakatikisa kiuno, basi mimi nimeshaelewa. Kabla ya kuimba, Awilo alikuwa mpiga dramu, hata kwenye bendi ya Papa Wemba, na ndiyo maana dramu za kanda ile hazikupi nafasi ya kukaa chini.

Halafu Brenda Fassie wa Afrika Kusini, "Vulindlela". Albamu ilitoka 1997, lakini kwetu ilikolea mwaka uliofuata, kwenye sherehe za harusi. Ni mama anashangilia kwamba leo mwanawe anaoa. Mwanza nzima hatukujua anasema nini, ila wimbo ulijipeleka wenyewe mahali pake.

Ricky Martin na wimbo wake wa Kombe la Dunia ulidumu mwezi mmoja. Ufaransa ilipoifunga Brazil 3-0 tarehe 12 Julai, ukaisha. Wa moyoni mwangu ulikuwa "Hali Halisi" wa rapa Mr. II (ndiye Sugu aliyekuja kuwa mbunge wa Mbeya Mjini, 2010 hadi 2020), lakini walioununua ni wanafunzi tu. Wazee walisema yule kijana anagombana na nani.

Hela nayo ilikuwa ngumu. Mwaka ulianza Ulaya ikiwa imezuia samaki wetu kwa sababu ya kipindupindu, na soko la samaki la Mwaloni likikauka, mji mzima unakauka. Watu hawakununua kanda mpya. Walileta za zamani, za mahubiri, za kwaya, hata za shemeji bila shemeji kujua, tunarekodi juu yake. Kanda iliyovunjwa kile kijino cha nyuma haikubali kurekodi, kwa hiyo tunaziba tundu kwa selotepu. Nadhani nimefuta mahubiri mengi kuliko shetani mwenyewe.

Sasa wimbo ambao naona hakuna anayeutaja: ule wa Céline Dion wa filamu ya Titanic. Kwingine ulikuwa wimbo wa wapenzi. Mwanza ilikuwa miaka miwili tu tangu meli ya MV Bukoba izame asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, karibu kabisa na mji, na makaburi ya Igoma, walikozikwa waliokufa, bado udongo wake haujazoeleka. Kuna watu walikuwa wakiusikia wanatoka dukani. Na kuna waliokuja kuutaka.

Dada mmoja wa Kirumba alileta C60, kanda ya dakika sitini. Upande wa A alitaka nyimbo za kwaya, upande wa B ule wa Titanic peke yake, mpaka kanda iishe. Nikapiga hesabu: dakika thelathini, wimbo unakaribia dakika tano, ni mara sita. Nikacheka, nikamwambia, "Dada, si utachoka?" Akasema, "Rekodi tu, mdogo wangu." Mwenye kibanda akanikanyaga mguu chini ya meza. Alipoondoka ndipo nikaambiwa kaka yake alikuwa anatoka Bukoba usiku ule. Nilirudia mara sita kwa spidi ya kawaida. Dabo deki yetu, mashine ya kunakili kutoka kanda moja kwenda nyingine, ilikuwa na spidi ya haraka, lakini iliifanya sauti iwe nyembamba, na siku ile sikuona sawa kuokoa muda. Nikavunja vijino vyote viwili, mtu asije akafuta kwa bahati mbaya.

Karibu na Krismasi akarudi na kanda ile ile. Akasema kuna sherehe nyumbani, nifute niweke Awilo. Nikauliza, pande zote? Akaigeuza geuza mkononi, akasema B niiache.

Nikaziba tundu la A kwa selotepu.