Muulize Mchoraji: Rangi za mafuta safarini

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimezoea kuchora mandhari kwa rangi za mafuta nikiwa chumbani, nikitazama picha za simu. Karibuni nitasafiri, kwa ndege halafu kwa basi, na natamani kuchora nje, mandhari yenyewe ikiwa mbele yangu. Je, rangi zitaruhusiwa kwenye ndege? Picha mbichi nitazibebaje? Tena kila nikijaribu kuchora nje, mwanga unabadilika kabla sijamaliza. Wenzangu wananishauri nibebe rangi za maji tu.

JIBU: Marahaba. Beba rangi zako za mafuta. Huko kuchelewa kukauka ambako wenzako wanakuona kero ndiko kutakakokufaa: kijivu ulichochanganya kwa ajili ya kivuli cha kilima bado ni laini saa nzima baadaye. Unakichota tena, unakipoza kwa buluu kidogo, unakipeleka kwenye kilima cha nyuma yake.

Nianze na mwanga, maana hapo ndipo picha nyingi za nje huharibikia. Ukianza saa mbili asubuhi, na saa nne ukawa bado unasogeza vivuli vifuate jua, mti utatupa kivuli kushoto na jiwe litatupa kulia. Mtazamaji huenda asijue kasoro iko wapi, lakini itamsumbua. Kwa hiyo kabla ya kugusa rangi yoyote ya kupendeza, chukua amba, ile rangi ya udongo wa kahawia iliyokolea, uipake nyembamba na uweke vivuli peke yake. Upande gani wa kilima hauna jua? Kivuli cha mti kinaishia wapi ardhini? Ukishavipanga, viache hapo hapo hata jua lizunguke vipi. Muda wote unaobaki ni wa kuoanisha rangi, na hiyo kazi haidai jua lisimame.

Halafu punguza ukubwa. Kibao cha sentimita 20 kwa 25 kinatosha kabisa. Pierre-Henri de Valenciennes, Mfaransa aliyechora sana nje mjini Roma katika miaka ya 1780, aliwashauri wachoraji wasizidishe saa mbili kwenye mchoro mmoja, na jua linapochomoza au kuzama wasipite nusu saa. Ukitaka muda zaidi, rudi kesho saa ile ile. Claude Monet, mchoraji Mfaransa, alipokuwa akichora kanisa kuu la mji wa Rouen, Ufaransa, mwaka 1892 na 1893, aliweka kanvasi kadhaa karibu naye, akibadilisha kila mwanga ulipogeuka. Wewe beba vibao viwili, kimoja cha asubuhi na kimoja cha jioni.

Kuhusu ndege, tapentaini, ile ya kuyeyushia rangi na kusafishia brashi, usiifikirie kabisa. Mvuke wake huweza kushika moto kwenye joto la nyuzi 35 hivi za Selsiasi. Rangi za tyubu zilizosagwa kwa mafuta ya kitani ni jambo jingine, kwani zinahitaji zaidi ya nyuzi 200. Chapisha karatasi ya usalama ya mtengenezaji, iweke pamoja na tyubu, na ukiulizwa sema ni rangi za wasanii zenye mafuta ya mimea. Ziweke pamoja na kisu cha kuchanganyia katika begi la kukabidhi, na uliulize shirika la ndege mapema, maana uamuzi ni wao.

Bila tapentaini utasafisha vipi brashi? Zifute vizuri kwa kitambaa, zisuuze kwa mafuta ya mimea, na usiku uzioshe kwa sabuni mpaka povu liwe jeupe. Hapo kwenye vitambaa nakuomba uwe makini sana. Mafuta ya kitani hayakauki kwa kupotea hewani kama maji. Huvuta oksijeni na kutoa joto. Kitambaa kilichotandazwa hupoa, lakini donge la vitambaa lililosokomezwa ndani ya begi hufungia joto hilo ndani, na linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Basini kuna watu. Loweka vitambaa kwenye kopo la maji lenye kifuniko, au vitandaze nje vikauke kimoja kimoja kabla ya kuvitupa.

Picha mbichi hazina shida kubwa. Chukua vibao viwili vinavyolingana, vielekezane nyuso zenye rangi, weka kipande cha kizibo kila pembe ili visigusane, kisha vifunge kwa mipira ya kufungia. Paka rangi nyembamba. Tabaka nene la rangi iliyopakwa kwa kisu halitakauka safari nzima. Amba hukauka haraka kwa sababu ya madini ya manganizi yaliyomo, ilhali nyeupe ya titani huchelewa. Ukifika unapolala, zifungue zipate hewa na mwanga, kwa sababu mafuta ya kitani yakikaa gizani hugeuka manjano.

Mdudu akinasa kwenye rangi, mwache. Ikikauka utampukuta kwa brashi. Mwaka 2017 wataalamu wa jumba la makumbusho la Nelson-Atkins, Kansas City, walimkuta panzi amenasa katika rangi ya picha ya miti ya mizeituni aliyoichora Mholanzi Vincent van Gogh mwaka 1889.

Nyuma ya kila kibao andika tarehe, saa na upepo ulivyokuwa, kama mchoraji Mwingereza John Constable alivyofanya kwenye michoro yake ya mawingu huko Hampstead, London, mwaka 1821 na 1822. Tumia penseli. Kama ni kanvasi, wino wa kalamu nene hupenya mpaka upande wa picha.