Kwa nini vipimo vya bango havijumliki sawasawa
Ndugu yangu wa Mwanjelwa, umeuliza kwa nini vipande vitatu vya bango lako vinasomeka milimita 33.3 kila kimoja, ilhali upana wote unasomeka 100. Mchoro wako hauna kasoro: Inkscape, programu unayochorea, huhifadhi urefu kwa tarakimu nyingi, lakini mstari wa vipimo huonyesha namba iliyokadiriwa kwa nafasi za desimali ulizochagua, na kila namba hukadiriwa peke yake, ndiyo maana ukijumlisha unapata 99.9. Ukiongeza nafasi za desimali, tofauti hiyo itapungua, ingawa theluthi haitatimia kamwe.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni skeli, yaani uwiano wa mchoro na bango lenyewe. Ukichora kwa 1:10 (milimita 1 ya mchoro ni milimita 10 za bango) na kipimo kikaonyesha milimita nzima tu, kosa la nusu milimita kwenye mchoro linakuwa milimita 5 kwenye bati la bango, na fundi wa kuchomelea atakata kwa namba aliyoandikiwa. Tafadhali mwandikie vipimo halisi vya bango, na kila alama ya kukata ipimwe kutoka ukingo mmoja, ili makosa yasilimbikizane. Kagua pia kama unene wa mstari umehesabiwa, kwa sababu Inkscape hukuruhusu kuchagua kuujumuisha au kuuacha.